Sura ya Sita: Kasha Tupu la Tarumbeta

Chumba cha marehemu kilikuwa kimepangwa na mtu asiyetarajia mgeni. Kiti kilikuwa kimoja, kikombe kimoja, na ukutani palikuwa na msumari mmoja uliobeba koti, taulo na kofia kwa pamoja, kana kwamba hata misumari hugawiwa kwa kipimo. Inspekta, ambaye nyumbani kwake mambo hayakuwa tofauti sana, alisimama mlangoni akavitazama vitu hivyo kwa muda, kisha akaingia.

Mkaaji wa chumba hiki alikuwa mpigaji mstaafu wa bendi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tarumbeta na hakuna aliyeonekana kukumbuka kwamba aliwahi kuwa na jina jingine. Jumatatu jioni mama mwenye nyumba alimkuta sakafuni, kichwa kimepasuka kwenye pembe ya meza, kigoda kimepinduka kando yake, na kasha la tarumbeta limefunguka, tupu. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Siku mbili baadaye mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikamatwa katika duka la vitu vya kale akiwa na tarumbeta hilo, limeviringishwa katika taulo. Sasa alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu. Kilichobaki ni Inspekta kuamua shitaka: wizi peke yake, au wizi na mauaji.

"Kesi imeiva, afande," alisema Sajenti, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na mawazo ya namna hiyo hiyo. "Ni kupakua tu."

"Chakula kinachoiva upesi hivyo huwa ni cha jana kilichopashwa moto. Pakua, tukionje."

Sajenti akahesabu kwa vidole. Kwanza, mpwa alichukua tarumbeta bila kasha. Mtu aliyepewa kitu kwa ridhaa hupewa na kasha lake. Pili, alilisugua tarumbeta zima likawa kama kioo, ili kufuta alama za vidole. Tatu, marehemu hakuwa na meno mawili ya mbele. Ni dhahiri alipigwa mdomoni. Nne, na hapa Sajenti alishusha sauti kwa heshima, marehemu mwenyewe alitamka jambo kuhusu mdomo kabla ya kufa.

"Meno yaliyong'olewa Jumatatu huacha damu," alisema Inspekta. "Daktari anasema fizi zilikuwa zimefunga zamani. Hapo umepakua mfupa. Alitamka nini?"

Sajenti akampa maelezo ya shahidi. Yalikuwa maneno matatu: *Mdomo kauchukua Mwenyewe.* Neno la mwisho lilianza kwa herufi kubwa.

"Herufi hii kubwa ni ya marehemu au ni yako?"

Sajenti akafikiri. "Nilisikia hivyo, afande."

"Una masikio adimu. Mwite mama mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mtu aliyezoea kusimulia msiba, na huu alikuwa ameshausimulia mara za kutosha hata ukapata umbo.

"Baba, mimi huyu kijana nimemwambia yote."

"Nieleze na mimi. Mimi ni mzito wa kuelewa."

"Nilikuwa namletea nguo zake, maana namfulia. Nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango, nikamwona. Nikapiga magoti nikamwambia, Mzee Tarumbeta, nani kakufanya hivi? Akanitazama. Akasema, 'Mdomo kauchukua mwenyewe.' Kisha, haki ya Mungu, akatabasamu. Basi mimi nikajua. Sauti alimpa Yeye Mwenyewe, na sauti kaichukua Yeye Mwenyewe. Nikamwambia, sote ni wa kurejea. Hakusema tena."

"Alikuwa mtu wa dini?"

Mama mwenye nyumba akasita. Heshima kwa maiti na upendo wa ukweli vilikuwa vikivutana usoni mwake. "Tuseme alikuwa mtu wa tarumbeta."

"Siku hiyo alikuwa na mgeni?"

"Huyo? Huyo hakuwa na mgeni, baba. Hata paka wangu alikuwa hakai kwake. Ingawa siwezi kuapa. Mlango wake unafungukia barabarani, na mimi nilikuwa nafua uani."

"Ukiwa uani ulisikia nini? Ugomvi? Kelele?"

"Hakuna. Ila bata."

Sajenti akatazama dari.

"Bata," alirudia Inspekta.

"Bata, chumbani humu. Kwaa, kwaa, halafu moja ndefu, kwaaaa. Nikasema, ala! Mzee huyu kaanza kufuga bata ndani ya nyumba yangu, na tulikubaliana hakuna mifugo. Nikakusudia kumwambia jioni nikimletea nguo. Baadaye nikasikia kishindo." Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Nikadhani bata kaangusha kitu."

Nje mtu alipita akiburuta toroli lenye gurudumu bovu.

"Ulimweleza Sajenti habari za bata?"

"Nilimweleza. Akanicheka."

"Afande," alisema Sajenti, "sikuona haja ya kuandika bata."

"Umeandika herufi kubwa ambayo haikuwapo, ukaacha bata aliyekuwapo. Mtaani hapa kuna mtu anayefuga bata, mama?"

"Hakuna hata mmoja."

Mama mwenye nyumba alipoondoka, Inspekta alikiinua kigoda akakisimamisha. Kilikuwa mbele ya kabati. Alipanda, akatazama juu ya kabati: vumbi la miaka, na katikati yake mstatili safi, saizi ya kasha. Kwa hiyo kasha lilikaa huko juu, na mzee alianguka ama akilishusha ama akilirudisha. Sajenti alikuwa amesoma kigoda kilichopinduka kama mapambano. Ni kweli kwamba mapambano hupindua vigoda, lakini uzee pia huvipindua, na uzee hauhitaji kusaidiwa na mtu.

Akashuka, akaliweka kasha mezani. Lilikuwa la mbao, limevikwa ngozi nyeusi. Ndani lilitandikwa mahameli ambayo rangi yake ilikuwa suala la imani. Kila kifaa kilichongewa kitanda chake. Kitanda kikubwa cha tarumbeta kilikuwa tupu. Cha duara kilikuwa na kizibo cha mbao, kile ambacho mpigaji hukiingiza mbele ya tarumbeta ili kupunguza sauti. Chembamba kilikuwa na kishikio cha karatasi za noti za muziki. Kulikuwa na cha nne, kidogo, chenye umbo la kikombe cha yai chenye mkia. Nacho kilikuwa tupu. Mkononi mwa Inspekta kilibaki kipande cha uzi mwekundu kilichokuwa kimenasa pale.

"Hiki kilikuwa cha nini?"

"Kile kidude cha kupulizia, nadhani."

"Mpwa alikutwa nacho?"

"Hapana."

"Kiko wapi?"

Sajenti hakuwa ameuliza.

*

Mpwa alikuwa kijana mrefu aliyejikunja kwenye benchi la mahabusu kama fimbo iliyovunjwa ili iingie mfukoni. Inspekta aliketi mbele yake akaliweka tarumbeta mezani, likiwa bado ndani ya taulo.

"Kwa nini ulilisugua?"

"Nilitaka lipendeze, mzee. Nani atanunua kitu cheusi? Nililisugua tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikatoa hata vile vyuma vya kubonyeza nikavisugua kimoja kimoja."

"Na kasha?"

"Mjomba alisema kasha libaki. Jumamosi nilikwenda kumjulia hali, akanipa tarumbeta. Akasema, meno ya mbele yamenitoka, mpiga tarumbeta bila meno ni kama kinyozi bila mikono. Uza, uanze maisha. Nikataka kuchukua kasha, akanikataza. Akasema kasha anawekea mdomo."

Inspekta, aliyekuwa akikunjua taulo, alisita hapo hapo. "Anawekea nini?"

"Mdomo. Hiki cha kupulizia. Wao kwenye bendi ndivyo walivyokiita. Nikamwambia, mjomba, nani atanunua tarumbeta bila mdomo? Akasema mdomo si wake kunipa. Una mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Hakusema. Mzee, mimi sikumgusa mjomba. Mama yangu ataniona vipi? Ni kaka yake aliyebaki peke yake." Alijikaza kidogo. "Nimesikia kesho nasomewa mashtaka."

"Hilo linategemea leo."

Mtu aliye mahabusu ana haki ya kusema lolote, na Inspekta alikuwa na haki ya kutoamini lolote. Hata hivyo, kijana huyu hakuonekana kujua maneno ya mwisho ya marehemu; Sajenti hakuwa amemwambia, na aliyeyasikia mtaani aliyasikia kama habari za Mungu. Alikuwa ametoa tafsiri ya sentensi ambayo hajaisikia. Huenda Mungu hakuhusika kabisa.

*

Mwenye duka la vitu vya kale aliitwa Bwana Kutu, na aliipenda lakabu hiyo kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Aliketi nyuma ya saa za ukutani zilizosimama, kila moja ikishikilia saa yake kwa ukaidi, katikati ya vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamekufa au wamehama. Alipoona taulo likifunguliwa aliinua mkono.

"Usinionyeshe tena. Nitaugua."

"Kwa nini?"

"Umewahi kumwona mtu amechunwa ngozi? Shaba hujenga ngozi, Inspekta. Inakuwa kahawia, polepole, miaka na miaka. Ngozi hiyo ndiyo inayonieleza umri. Nembo ya mtengenezaji ilikuwa hapa. Sasa gusa, ni laini kama shavu la mtoto. Kaisugua ikaisha."

"Sajenti wangu anaamini alikuwa akifuta alama za vidole."

"Anayefuta alama za vidole hafiki huku ndani." Bwana Kutu aliingiza kidole katika sehemu ya mbele inayopanuka. "Huyu alisugua kwa upendo. Wajinga wote huniletea vitu hivi hivi, vimeng'aa na vimekufa. Halafu tazama." Akafungua vifuniko vya zile pistoni tatu, vyuma vinavyobonyezwa na vidole. Kila kimoja kilikuwa na namba ndogo iliyogongwa ubavuni. "Moja, mbili, tatu. Kila pistoni na nyumba yake. Alipoleta, ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba ya tatu, na ya tatu ndani ya ya kwanza. Pumzi haipiti. Alizirudisha kama mtu anayerudisha vijiko kabatini."

"Kwa hiyo si mpigaji."

"Huyo? Hajui upande wa kupulizia."

Inspekta aliliweka hilo akilini, karibu na bata. "Una mdomo wa tarumbeta hapa?"

"Ninayo debe zima." Bwana Kutu alichagua mmoja, akaupangusa kwa shati, na kabla ya kuambiwa akaubandika kwenye midomo yake akapuliza.

*Kwaa.*

"Tena," alisema Inspekta.

*Kwaaaa.*

"Ni bata."

"Watu husema bata. Wapigaji husema wanapasha midomo moto. Ukikosa tarumbeta mkononi hiyo ndiyo sauti unayobaki nayo. Inachekesha, lakini usimcheke anayeipiga."

Inspekta hakuwa mtu wa kuchekeshwa. Alikuwa akifikiri kwamba Jumatatu alasiri, katika chumba cha mzee asiye na meno ya mbele, mtu mwenye meno alipuliza mdomo mtupu. Na kwamba mpigaji hapulizi mdomo mtupu kama tarumbeta liko ndani ya kasha mbele yake.

"Uchomeke humu," alisema.

Bwana Kutu aliuchomeka. Ukakaa imara, bila kucheza. Akautoa, akaelekeza tundu kwenye mwanga wa mlango, akalitazama kwa jicho moja, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. "Subiri. Kuna nyuzi humu. Nyekundu. Hapa kijana hakufika kusugua." Kwa kibano akavuta manyoya mekundu yenye nta. Inspekta akayalinganisha na kile kipande cha kutoka kwenye mahameli. Yalikuwa ya baba mmoja, mama mmoja.

"Mdomo ulioishi humu haukuwa wa tarumbeta," alisema Bwana Kutu. "Shina lake lilikuwa jembamba, likicheza. Mpigaji akaliviringishia uzi ili libane. Huo ni mdomo wa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Ndani una kina zaidi. Sauti inatoka laini, kama mtu anayezungumza na aliye karibu."

"Kwa nini mtu apige hivyo miaka yote?"

"Ameuzoea. Au hataki kuurudisha. Lakini jua jambo moja: mpigaji huachana na mke, haachani na mdomo. Umekaa kwenye nyama yake, umemchonga naye ameuchonga. Ukiuona mdomo wa koneti kwenye tarumbeta la mtu mwingine, basi mahali fulani kuna koneti iliyonyamazishwa."

Alisema hivyo, na macho yake yakapanda polepole hadi juu ya mlango. Inspekta akageuka. Pale ilining'inia koneti moja, kahawia tupu, haijaguswa na kitambaa, na mahali pa mdomo palikuwa na tundu.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Fundi wa miavuli, nyuma ya stendi ya mabasi. Miaka mingi sasa. Nilimpa bei ya chuma, maana koneti bila mdomo ni bomba. Yule mama ni wa ajabu. Hupita mara kwa mara, anaitazama, ananiuliza, imepata mtu? Namwambia bado. Anasema, vizuri, anakwenda zake. Sijaona muuzaji anayefurahi bidhaa isiponunuliwa."

"Alipita lini mara ya mwisho?"

"Jumanne. Akaomba aishike. Nikamshushia. Akachomeka kitu, akakichomoa, akanirudishia. Hakupuliza."

"Kitu gani?"

"Inspekta, mimi nauza vitu vya watu. Siwatazami mikono wanapotaka kulia."

*

Kiangazi hakuna anayekumbuka mwavuli. Kibanda cha fundi kilikuwa kati ya muuza betri na mlango uliofungwa kwa misumari, na miavuli iliyotengenezwa ikasahauliwa na wenyewe ilining'inia darini kama popo waliolala. Chini yao aliketi mwanamke mzee, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hakukuwa na mteja, na utulivu wa mikono yake ulionyesha kwamba hakumtazamia.

Inspekta alijitambulisha. Mwanamke aliitazama kofia yake, kisha akatazama kitu kilichofunikwa kwa kitambaa pembeni mwa meza.

"Kwa hiyo kanishitaki," alisema.

"Nani, mama?"

"Nani tena! Mume wangu wa zamani. Kanipa kwa mkono wake mwenyewe, hata siku haijapoa kaenda polisi kuniita mwizi. Sishangai. Ni yeye hasa."

Inspekta hakumsahihisha. Shahidi asiyejua kifo ni shahidi safi, na usafi huo haudumu. Alivuta kibao akaketi. "Nieleze wewe. Upande wake ninao."

"Upande wake!" Mwanamke alisogeza miwani. "Tulikuwa bendi moja, yeye tarumbeta, mimi koneti. Watu walikuja kutazama mwanamke anayepuliza, wakabaki kusikiliza. Siku moja mdomo wake ukapasuka, usiku ule tuna kazi mbili. Nikamwazima wangu wa akiba, akasema haumpendezi. Nikampa niliokuwa nautumia. Ndiyo kosa langu, nilimpenda. Hakuurudisha. Nikimdai, 'kesho mke wangu.' Kesho yake hiyo ilikua, ikaoa, ikazaa. Mwisho akaanza kusema ni wake tangu mwanzo. Mbele ya bendi nzima! Tuliachana kwa mengi, mwanangu, lakini kadhi aliandika mengine; mimi najua tuliachana kwa lile."

"Mdomo mwingine unanunuliwa."

"Na wewe ukikatwa wako, utanunua mwingine?"

Inspekta alikubali kwamba swali lilikuwa la haki. "Jumatatu ilikuwaje?"

"Jumapili alikuja hapa. Na mwavuli mzima kabisa, ati umevunjika. Nikaufungua, nikaufunga, nikamwambia, bwana, huu hauna ugonjwa. Akasema, 'Basi ni mimi.' Nikaona mdomo wake umebonyea, meno hakuna. Akasema, 'Njoo kesho uchukue kilicho chako.' Nikaenda. Akapanda kigoda akashusha kasha, akaniwekea mapajani. Nikaufungua uzi wake, nikaujaribu kidogo. Sauti ya bata." Pembe za midomo yake zilitikisika. "Akacheka na pengo lake. Nikacheka na mimi. Sikuwa nimecheka naye tangu enzi hizo."

"Ulipolifungua kasha, lilikuwa na nini?"

"Kizibo, kishikio cha noti, na mdomo wangu. Basi."

"Tarumbeta?"

"Halikuwapo. Nikamuuliza, akasema juzi yake kampa mpwa wake auze. Nikashangaa. Huyo mtu hakuwa mtoaji."

"Una hakika, mama? Nitakuomba uyarudie haya mbele ya hakimu."

"Kasha lilikuwa mapajani mwangu. Ningekosaje kuona tarumbeta? Kwani ni sindano ya mwavuli?"

Inspekta aliandika, akamsomea, mwanamke akatia saini kwa mwandiko wa mtu aliyesoma noti kabla ya herufi. Kisha aliuliza swali la mwisho, na aliuliza akitazama karatasi.

"Ulimwachaje?"

"Alikuwa analirudisha kasha juu ya kabati. Nikamwambia ngoja nikushikie. Akanikatalia. Akasema, 'Kasha tupu halina uzito.' Nikatoka."

Nje ya kibanda mabasi yalikuwa yakiwashwa na kuzimwa. Inspekta alikunja karatasi, akaitia mfukoni, na hapo hakubakiwa na kitu cha kushika.

"Mama, hakukushitaki. Alianguka kutoka kwenye kigoda, baada ya wewe kuondoka. Alifariki Jumatatu hiyo hiyo."

Mwanamke hakulia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua mwavuli uliokuwa wazi mezani, akaufunga taratibu, ubavu mmoja baada ya mwingine, akaufungia kamba yake.

"Alikuwa na mtu?"

"Mama mwenye nyumba. Mwishoni."

"Alisema neno?"

Siku nzima Inspekta alikuwa ameyatazama maneno yale kama kosa la mwandishi. Sasa aliyatamka jinsi yalivyotamkwa, bila herufi kubwa. "Alisema: mdomo kauchukua mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alilitumia neno hilo?"

"Shahidi ana hakika. Anasema alilisema akitabasamu."

Mwanamke aliinua macho kwenye miavuli isiyodaiwa. "Kwa hiyo alikubali," alisema hatimaye. "Kwamba ni wangu."

Inspekta alimpigia simu Sajenti pale pale mlangoni. Alimwagiza amtoe mpwa, mashtaka hakuna; tarumbeta na taulo lake, vilivyoachwa kwa Bwana Kutu, kijana atavifuata mwenyewe. Tena ayaandike upya maneno ya marehemu, kwa herufi ndogo, na amwandike na bata.

"Niandike bata, afande?"

"Andika bata."

Alipogeuka, mwanamke alikuwa amefunua kitambaa. Mdomo ulikuwa kitu kidogo, cha fedha iliyofifia, ukingo wake umelika upande mmoja. Kando yake, ndani ya kisahani, ulikuwa umekunjwa uzi mwekundu wenye nta.

"Nitauhitaji kama kielelezo," alisema Inspekta. "Uchunguzi wa kifo ukifungwa utarudishiwa."

Mwanamke aliutazama, kisha akamtazama yeye. "Hata yeye alisema hivyo hivyo."

Kanuni zilitaka kielelezo kinachothibitisha kwamba mdomo ule ulitoka katika tarumbeta lile. Hazikusema kiwe na ukubwa gani. Inspekta aliuokota uzi, akautia ndani ya bahasha, akaandika juu ya bahasha, akampa mwanamke stakabadhi ya uzi mmoja mwekundu, umetumika. Akavaa kofia yake.

Alikuwa amekwisha kupita kwa muuza betri aliposikia nyuma yake, kutoka chini ya ile miavuli, kwaa moja fupi ya kujaribu, kisha nyingine, kisha moja ndefu iliyokaza mwendo bila kutetemeka. Muuza betri aliinua kichwa.

"Bwana mkubwa," alimwuliza, "nani kaleta bata huku?"

"Ni wa mwenyewe," alisema Inspekta, akaenda zake nyumbani, kwenye kikombe kimoja.